Njia Aliyoipinda Denzil

Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Mei, mtu mmoja wa kijiji chetu cha Cleddow huuvuka uwanja kwa miguu, kutoka lango la kanisa hadi bwawani, na Clive Ruddock humfuata nyuma na mashine ya kukatia majani. Pale miguu ilipopita ndipo njia inapokatwa. Kulia na kushoto majani huachwa yaote yatakavyo, yafike kiunoni, na watu wote, wenye mbwa na wenye vigari vya watoto, hupita njia hiyo hiyo hadi Agosti. Hatupimi kwa kamba wala hatuchori ramani. Anatembea mtu, basi.

Kwa miaka kumi na moja mtu huyo alikuwa mume wangu, Denzil. Yeye ndiye aliyeubembeleza mkutano wa kijiji mpaka ukakubali nusu ya uwanja ibaki fupi, kwa ajili ya mpira na mikeka ya kulia chakula nje, na nusu waachiwe maua, nyuki, vyura na kalunguyeye. Miaka kumi alitembea amenyooka kama anakwenda kudai haki yake. Mwaka huu alitembea kama mtu aliyesahau anakokwenda. Alianza vizuri, kisha akakata kulia kabla ya kuufikia ule mti mkubwa wa miiba, akatoka nje kabisa hadi karibu na barabara, akarudi ndani, akauzunguka ukumbi wa kijiji kwa mbali, akapinda tena, ndipo akafika bwawani. Watu walikuwa wamesimama na vikombe vyao vya chai wakimtazama.

"Denzil, umelewa saa nne asubuhi?" Gilbert Amphlett alimpigia kelele.

"Nimeoa, Gilbert," Denzil akajibu bila kusimama. "Ni yale yale."

Tulicheka wote. Mimi nilimwambia Beryl Stokoe, aliyekuwa kando yangu, kwamba ni ile nyonga yake mbovu. Beryl ndiye mwenyekiti wa kamati ya uwanja, mwalimu mkuu mstaafu, na hakuna kitu asichokiandika kwenye faili lake. Akaandika: njia imekatwa, imepinda.

Wiki tano baadaye, siku ya Alhamisi, Denzil alikufa. Njia ikabaki.

Sasa jambo hili lieleweke mapema, maana ndilo lililonifanya niwe mwongo. Ikifika siku ya kukata, majani yote hushushwa chini kwa siku moja, na baada ya hapo hakuna njia. Uwanja mzima unakuwa sawa. Mei inayofuata anatembea mtu mwingine na njia inakuwa yake. Kwa hiyo kile kitu pekee ambacho miguu ya mume wangu ilikiacha duniani, kilichokuwa bado kinaonekana kwa macho, kilikuwa kimebakiza miezi miwili.

Alivyokufa nitaeleza mara moja, halafu tuendelee. Nilikuwa nimesimama kwenye sinki, natazama nje kupitia dirisha la jikoni, linaloelekea uwanjani. Denzil alikuwa nyuma yangu, amekaa kitini, anavaa mabuti yake ya mpira. Nje Clive alikuwa anapitisha mashine njiani kama afanyavyo kila wiki, na nilikuwa namweleza Denzil kwamba Clive amevaa kofia ya mke wake. Hakujibu. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, kwa kuwa sikio lake la kushoto halikuwa linasikia vizuri. Nikacheka peke yangu. Nilipogeuka alikuwa sakafuni, buti moja mguuni, la pili mkononi. Chai yake mezani ilikuwa inatoa moshi. Baadaye, walipokuja watu wa gari la wagonjwa wakaondoka naye, ilikuwa imepoa, nikainywa hivyo hivyo kwa sababu ilikuwepo.

Kisha nikashusha pazia la dirisha lile. Mchana nilipoingia jikoni niliwasha taa.

Watu wanadhani ukifiwa unaumia. Labda. Mimi sikuumia. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaujua ni wako lakini ukiugusa hausemi kitu. Nilimzika, nikawapa watu mikono, nikakumbuka majina ya watoto wao. Kijiji kikaniletea vyakula: pai za kuku, nyama ya kuoka na viazi, keki za limau, kila sufuria lina jina la mwenyewe limebandikwa chini kwa gundi ili lirudi kwao. Niliosha masufuria nikayarudisha kwa mpangilio wa barabara, nyumba kwa nyumba, kwa siku mbili. Sikukosea hata moja.

"Lia mwaya," Beryl aliniambia nilipomrudishia sufuria lake. "Lia, utapata nafuu."

"Nikianza nitakutumia taarifa," nikamwambia.

Hakuiandika hiyo.

Kitu pekee nilichokifanya kwa hiari yangu ni kutembea ile njia. Asubuhi mara moja, jioni mara moja, kwenda na kurudi. Ilikuwa hatua mia nne na kumi na mbili. Sikuwa natafuta faraja, msinielewe vibaya. Ila kwingine kote ilinibidi niamue: nile au nisile, niende dukani au nisiende, nilale upande upi wa kitanda. Kwenye njia hakukuwa na la kuamua. Pale alipopinda nilipinda. Alipokaribia barabara bila sababu yoyote nilikaribia barabara. Popote nilipoinua uso kulikuwa na nyumba yangu na lile pazia jeupe jikoni, nami nikawa nauinamisha tena na kuhesabu hatua.

Zamani, jioni, ilikuwa kinyume. Yeye ndiye aliyekuwa anatembea kwenda kuangalia bwawa lake, nami ndiye niliyekuwa dirishani nikimtazama ili nijue wakati wa kuweka maji ya chai jikoni. Tuligombana sana juu ya hilo, miaka na miaka. Njia zake zilizonyooka zilimpitisha nyuma ya mti wa miiba, halafu nyuma ya ukumbi, na akishaingia huko anapotea. Mara anasimama kuongea na mtu, mara ameona chura. Mimi nimesimama na birika mkononi kama mjinga. "Ukipotea huko nyuma sijui hata kama uko hai," nilikuwa namwambia, na yeye anasema chai ya kupoa haijawahi kuua mtu.

Mwezi wa Juni ulipokwisha kamati ilikutana, na kwa sababu hawakujua wanipe nini tena baada ya pai, wakanipa kazi ya Denzil. Sasa mimi ndiye mlinzi wa majani, wa kutaja siku ya kukata.

Siku hiyo haimo kwenye kalenda. Katika majani yetu kuna ua la manjano tunaloliita njuga. Ni mwizi mdogo: mizizi yake huinyonya mizizi ya majani makubwa, yakadhoofika, na maua mengine yakapata nafasi ya kupumua. Denzil alilipanda kwa mkono, punje kwa punje, mwaka wa kwanza wakati kila mtu alipokuwa anamcheka. Likikauka, mbegu zake hulegea ndani ya vifuko, na ukilitikisa sikioni linalia. Likilia sawasawa, maana yake mbegu zimekomaa na zitaanguka zenyewe, kwa hiyo waweza kukata. Ukikata kabla, mwakani huna njuga. Ukichelewa sana, mvua inayalaza majani, yanaoza pale pale, yanaunenepesha udongo, na udongo ukinenepa maua hufa na magugu yanayowasha hutawala. Sisi udongo wetu tunaunyima makusudi. Ndiyo maana siku ya kukata kijiji kizima huja na reki na kuyaondoa majani yote kwa mikono, hata jani moja lisibaki.

Mlinzi wa majani ndiye anayetikisa. Wengine hawatikisi, ni adabu tu. Siku ya Ijumaa saa kumi na moja jioni huja ukumbini kwa Beryl na kusema moja kati ya maneno mawili: bado, au zimelia.

Ijumaa ya kwanza ilikuwa katikati ya Julai. Niliingia majanini hatua tatu kutoka njiani, nikachuma bua moja, nikalitikisa sikioni. Lililia kama sanduku la misumari. Nikachuma jingine, nalo likalia. Nikaenda ukumbini. Beryl alikuwa amefungua faili, kalamu iko tayari, na Clive amekaa kwenye meza ya mpira wa mezani anakula biskuti.

"Haya Hester, njuga zinasemaje?"

"Bado," nikasema.

Lilinitoka lenyewe. Nilisikia sauti yangu ikilisema, tulivu kabisa. Beryl akaandika. Clive akamaliza biskuti yake.

Ijumaa ya pili nikasema bado. Na ya tatu. Ya nne sikutikisa hata, nilitoka nyumbani moja kwa moja. Haikuniuma. Kila nikisema nilikuwa naona siku saba zaidi za njia, hatua mia nne na kumi na mbili mara nne kwa siku, na huko mbele ya siku saba sikuwa naona kitu. Majani yalishageuka rangi ya mkate. Upande wa barabara yalikuwa yameanza kuegemea. Gilbert Amphlett alikuwa akipita na mbwa wake mfupi, anasimama, anatikisa kichwa.

Gilbert alikuwa mpinzani wa Denzil tangu siku ya kwanza. Anapenda majani yaliyonyolewa kama kichwa cha askari. Mwaka huu alikuwa ameandika hoja kwa ajili ya mkutano mkuu wa Septemba: uwanja wote urudishwe kuwa mfupi, kama enzi za baba yake. Ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na kituo cha basi, na majina kumi na tisa chini yake. Nilikuwa naisoma kila nikipita. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba majani yakioza uwanjani mwaka huu Gilbert hatahitaji kusema neno Septemba. Watu watatazama tope lile na watainua mikono. Miaka kumi na moja ya Denzil itakwisha, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeimaliza. Nililijua hilo, nikasema bado kwa mara ya tano.

Ijumaa ya sita, mchana, Clive alibisha mlango wa nyuma.

"Hodi shemeji. Nimekuletea maharage."

"Nina maharage ya kumwaga, Clive. Kijiji kizima kinanipa maharage."

"Mwaga ya wengine, kula yangu." Akaingia, akaiangalia taa inayowaka mchana, akaliangalia pazia. Alikwepa kile kiti cha Denzil, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Clive alikuwa rafiki wa Denzil tangu shule, na mwili wake haujazoea kukaa bila kufanya kazi. Alihangaika na mifuko yake mpaka akatoa mabua matatu ya njuga, makavu, akayaweka mezani.

"Nimetikisa," akasema. "Najua si kazi yangu. Nimetikisa."

"Na?"

"Hazilii. Hamna kitu ndani, shemeji. Zilishaanguka zamani. Hivi ni vifuko vitupu."

Nikayachukua yale mabua. Yalikuwa mepesi kuliko karatasi.

"Umejua lini?"

"Ijumaa ya kwanza." Akakuna shingo. "Zilikuwa zinalia mpaka kituo cha basi. Mbwa wa Gilbert alikuwa anazibwekea."

"Na Beryl?"

"Beryl alitikisa kabla yako. Yule hawezi kujizuia."

"Beryl anaandika bado."

"Unasema bado, anaandika bado. Ulitaka aandike nini?"

"Na mmekaa tu? Wiki tano? Hakuna hata mmoja aliyeweza kufungua mdomo?"

"Tuseme nini, Hester? Tukwambie wewe mwongo? Mtu amefiwa na mumewe." Akaonekana ameudhika kweli. "Tulikutana. Bila wewe, samahani. Gilbert ndiye aliyesema uachwe mpaka uchoke mwenyewe."

"Gilbert!"

"Alisema hoja yake ni hoja yake, lakini hawezi kushinda kwa kutumia matanga ya mtu. Ameitoa ubaoni jana."

Hao ndio watu wa Cleddow. Wangeuacha uwanja uoze, wangeyaacha mambo waliyoyapigania na waliyoyapinga, kuliko kumwambia mjane usoni kwamba wanajua. Na mimi ni wa hapa hapa. Ningeweza kusema tangu Julai: jamani, msikate, ile ni miguu yake. Maneno sita. Nilichagua kusingizia mbegu.

"Sitaki mkate njia," nikasema. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitamka.

"Najua."

"Huwezi kukata pembeni ukaiacha?"

Clive akaniangalia kwa huruma, na huruma ya Clive inamfanya aonekane kama ana njaa. "Naweza. Lakini nikikata pembeni haitakuwepo, shemeji. Ni njia kwa sababu pembeni ni marefu. Ukiyaondoa, unabaki uwanja."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Kweli kabisa. Hapakuwa na kitu cha kuhifadhi. Miguu yake ilikuwa nafasi tu kati ya majani.

"Mvua inaingia Jumatatu," akaendelea. "Kubwa, siku nne. Yatalala chini yote. Ukisema leo, kesho tunakata na kuondoa, na Jumapili tunamalizia. Ukisema bado, narudi nyumbani nakunywa chai yangu, na hutasikia neno kutoka kwangu maisha yako yote. Naapa."

Nikamwamini. Ndilo lililokuwa baya.

Akasimama, akafika mlangoni, akarudi. "Kuna jingine. Alinikataza nisiseme, lakini nimechoka nalo. Daktari alimwambia Aprili. Moyo. Alimwambia unaweza kusimama wakati wowote."

Taa ya jikoni ilikuwa inanguruma kidogo. Niliisikiliza.

"Alikwambia wewe," nikasema.

"Ilibidi. Mimi ndiye niliyekuwa namfuata na mashine siku ile ya Mei. Alitaka nijue kuizima haraka akianguka mbele yangu."

"Na mimi?"

"Alisema atakwambia."

"Lini?"

"Kesho," akasema Clive. "Kila nilipomuuliza. Kesho."

Alipoondoka nilikaa nikaingoja hasira. Niliitaka kwa kweli. Niliweka mikono mezani nikaingoja mpaka saa ya ukutani ikagonga kumi na moja, haikuja, nikachukua koti nikaenda ukumbini. Walikuwepo Beryl na Clive, na safari hii Gilbert naye, amesimama mlangoni na mbwa wake kama watu waliokuja kwa jambo jingine.

"Haya Hester," Beryl akasema, macho kwenye faili. "Njuga zinasemaje?"

"Zimelia."

Beryl akaandika. Aliandika neno hilo moja kwa muda mrefu sana, halafu akauliza kama kawaida nani analeta reki na nani anatengeneza chai. Chai nikasema mimi. Imekuwa mimi siku zote.

Jumamosi kulikuwa na jua kali na upepo kidogo, siku ambayo Denzil angeiita siku ya kuazima, maana mvua ya Jumatatu ingekuja kuidai. Saa tatu walikuwa wamefika watu thelathini na kitu, na reki za mbao begani, na mashuka ya zamani ya kukokotea majani. Clive alikuwa bwawani na ile mashine yake kubwa ya magurudumu mawili, imezimwa.

"Tembea kwanza, shemeji," akasema. "Sina haraka."

Watu wote wakawa wamepata kitu cha kutazama upande mwingine. Nikaenda hadi lango la kanisa nikatembea njia yote. Mia nne na kumi na mbili. Nilitazamia kuhisi kitu kwa kuwa ni mara ya mwisho, lakini ilikuwa kama jana na juzi. Viatu vyangu vilijaa mbegu. Nilipofika kwa Clive nikamwambia haya, washa.

"Chai tutakuomba tukifika nusu," Beryl akaniambia nilipokuwa naelekea nyumbani. "Tutakupungia mkono."

"Sitawaona. Pazia limeshuka."

"Basi lipandishe, mwaya," akasema Beryl, kwa sauti ile aliyotumia miaka arobaini kwa watoto wa darasa la kwanza.

Kwa hiyo nikalipandisha. Nilivuta kamba, vumbi likashuka kwenye sinki, na mwanga ukaingia jikoni kwa nguvu nikafumba macho. Nikazima taa. Nikaweka birika kubwa chini ya bomba nikafungulia maji, na wakati linajaa nikatazama nje.

Gilbert Amphlett alikuwa ndio kwanza anaingia lango la kanisa na mbwa wake, alikuwa ameisahau reki yake nyumbani akarudi kuifuata, sasa anawahi. Akaishika njia. Nilimfuata kwa macho bila kufikiri, kama nilivyokuwa nikimfuata mtu mwingine miaka kumi na moja, na alipoukaribia mti wa miiba nikajiandaa kumpoteza. Sikumpoteza. Alipinda kulia, akatoka hadi karibu na barabara, akapita mbele ya ule mti akiwa mzima mzima, kofia hadi viatu. Akarudi ndani. Nikangoja ukumbi umfunike. Njia ikampitisha mbali na ukumbi, akabaki juani, nikaona hata ulimi wa mbwa. Akapinda ile kona ya mwisho, ile ambayo haina maana yoyote kwa mtu anayetembea, na pale ndipo mti wa tufaha ulio uani kwetu, mbele ya dirisha, ungemkinga nisimwone. Haukumkinga. Gilbert Amphlett alitembea kutoka lango la kanisa hadi bwawani na hakuna hatua moja niliyomkosa.

Haikuwa nyonga.

Maji yalikuwa yamejaa birika yanamwagika mikononi mwangu, ya baridi, na niliyahisi. Kule bwawani Clive alikuwa ameshaanza. Mashine ilikuwa inakuja juu polepole, na nyuma yake palikuwa sawa.

"Mpumbavu wewe," nikasema kwa sauti. "Mpumbavu, mpumbavu mkubwa wewe."

Alijua. Alitembea mbele ya kijiji kizima wakimcheka, akapima kwa miguu yake kila mahali ambapo macho yangu yanafika kutoka kwenye sinki hili, ili akianguka nimwone. Hakuweza kuniambia maneno matatu mezani, akaona ni rahisi zaidi kuupinda uwanja. Kisha akaja akafia nyuma ya mgongo wangu, hatua mbili kutoka hapa, wakati mimi nimetoa macho nje naitazama hiyo hiyo njia yake, nacheka kofia ya Clive. Ungeniambia, Denzil. Ungeniambia tu, ningegeuka. Ningekaa kitako nikutazame wewe asubuhi hadi jioni, na uwanja ungejitazama wenyewe.

Hasira ilifika, yote, ya miezi miwili na nusu, na nyuma yake kikaja kitu kingine kikubwa zaidi ambacho sikukipa jina. Nilishika ukingo wa sinki. Nje watu walikuwa wamesimama wananipungia mikono. Niliwaona vizuri kabisa. Clive alikuwa amefika nusu, sawa na ukumbi, na mimi sikuondoa macho kwenye njia iliyobaki.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

"Hester, tumekupungia mpaka mabega yameuma," akasema Beryl. "Chai vipi?"

"Bado," nikasema, bila kugeuka.

Beryl akaja akasimama kando yangu. Aliniangalia usoni, kisha akatazama nje, kutoka kwa Clive hadi lango la kanisa, njia yote ile iliyopinda, kila hatua yake inaonekana. Beryl si mtu mzito wa akili. Nilisikia pumzi yake ikikatika. Akanyoosha mkono akafunga bomba.

"Bado," akasema naye, akaiweka kalamu yake dirishani.

Tukasimama hivyo. Nililia kwa sauti, vibaya, kama sikuwahi kulia maishani, na macho yakijaa niliyafuta haraka nisije nikakosa hatua hata moja, mpaka Clive alipofika lango la kanisa akazima mashine.